Picha Isiyo na Mpigaji

"Basi aliyeipiga alikuwa anaelea hewani?" Kaka aliuliza huku akigonga skrini kwa kalamu. "Niambie. Alikuwa popo?"

"Usigonge skrini," Rula alisema.

"Nagonga ili uamke. Shusha kamera, weka kimo cha mtu, tumalize kazi ya watu."

"Nikiishusha, mistari haikutani."

"Nani atajua? Yule bibi ana mtoto wa jicho macho yote mawili!"

"Mimi nitajua."

"Haya. Samahani, nilisahau kwamba nafanya kazi na mhandisi mkuu." Kaka alivuta kiti chake kwa kishindo akarudi mezani kwake. Walikaa wakipeana migongo, kila mmoja akipumua kwa hasira.

Rula halikuwa jina lake. Kaka yake ndiye aliyempa tangu utotoni, kwa sababu hakuweza kuweka hata kikombe mezani bila kukilinganisha na ukingo wa meza. Sasa walikuwa wanafanya kazi pamoja katika chumba kimoja, ghorofani, juu ya duka la fundi cherehani. Watu waliwaletea picha za zamani za nyumba ambazo hazipo tena, zilizobomolewa au kuungua, nao wakazijenga upya ndani ya kompyuta, ukuta kwa ukuta, mpaka mwenyewe akiona anashika mdomo. Kaka alitengeneza meza, viti na mapazia. Rula aliweka kamera ya ndani ya kompyuta, jicho la kukitazamia chumba.

Kuweka kamera ndiyo ilikuwa kazi ngumu. Ilibidi ujue aliyepiga picha alisimama wapi, macho yake yalikuwa juu kiasi gani, alielekea wapi na lenzi yake ilikuwa na upana gani. Ukipatia, picha uliyojenga ukiilaza juu ya ile ya zamani zinafunikana kama chungu na kifuniko chake. Ukikosea kidogo tu, miguu ya meza inatoka nje ya vigae, na chumba kinaonekana kama kimelewa.

Rula hakupenda kukosea. Aliacha shule kidato cha pili, mama yao alipougua akahitajika mtu wa kukaa naye nyumbani, na kazi hii alijifunza mwenyewe, usiku na mchana, kwa kuangalia wengine. Alikuwa ameshajua jambo moja kuhusu dunia. Aliyesoma akikosea, watu husema ni bahati mbaya. Yeye akikosea, watu wangesema, si unaona, hakusoma.

Picha iliyowagombanisha ililetwa na mwanamke mzee waliyempa jina la Bibi Bahasha, kwa kuwa alikuja ameikumbatia bahasha ya kaki kama anayebeba kifaranga. Ilikuwa picha nyeusi na nyeupe ya chumba cha kulia. Baba, mama na watoto watatu walikuwa mezani wanakula, na mtoto mchanga alikuwa pajani mwa mama. Hakuna aliyekuwa anaangalia kamera. Baba alikuwa anamega mkate. Mtoto mmoja alikuwa anajikuna. Ni yule mchanga peke yake aliyerudisha kichwa nyuma, akaangalia juu, moja kwa moja kwenye lenzi, na alikuwa anacheka.

"Huyo mchanga ndiye mimi," Bibi Bahasha alikuwa amewaambia. "Nyumba yenyewe ilibomolewa barabara ilipopanuliwa. Nataka nikione chumba hicho kabla macho yangu hayajazimika."

Rula alikuwa ameanza kama anavyoanza siku zote. Alichora mistari juu ya kingo za vigae vya sakafu, akairefusha mpaka ikakutana mbali. Pale inapokutana ndipo kilipo kimo cha macho ya mpigaji, na chochote kilicho sawa na kimo hicho ndani ya chumba kiko sawa na macho yake. Katika picha nyingi mstari huo hupita kwenye nyuso za watu waliosimama. Katika hii ulipita juu ya vichwa, juu ya mlango, juu ya kabati, ukasimama kiganja kimoja chini ya dari, na mpigaji mwenyewe akawa kwenye kona kabisa. Na kamera ilikuwa imelala kushoto digrii tatu, kama mtu aliyepindisha shingo ili kichwa kisigonge dari.

"Labda alipanda ngazi," Kaka alisema baada ya muda, kwa sauti ya kutafuta amani.

"Ngazi ndefu hivyo, watu wanakula, na hakuna hata mmoja anayegeuka?"

Kaka alijikuna kidevu. "Na hiki kidude juu ya kabati, nikifanye redio?"

Rula alienda mezani kwake akaikuza picha. Kilikuwa kitu kidogo ndani ya mfuko wa ngozi, mkanda wake unaning'inia ubavuni mwa kabati. Aliuona mduara wa kioo ukichungulia.

"Ni kamera," alisema.

Chini, cherehani ya fundi ilikuwa inakimbia na kusimama, inakimbia na kusimama.

"Basi walikuwa nazo mbili," Kaka alisema. "Watu wengine wana uwezo."

Siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha mchana, Rula alipunguza kosa la mwisho. Kwanza lilikuwa pikseli nne, vile vidoto vinavyounda picha kwenye skrini, kisha mbili, kisha nusu. Kila lilipopungua alisikia mlio juu ya kichwa chake, mlio mfupi na mkavu, kama msumari wa zamani unaong'olewa kwenye mbao, lakini alidhani ni bati la paa linaloshikwa na jua. Alipofika nusu pikseli alibonyeza kitufe cha kuikaza kamera isisogee tena. Chumba kikaanza kunuka chokaa mbichi.

"Nani anapaka rangi?" aliuliza.

"Hakuna anayepaka rangi," Kaka alijibu.

Kisha Rula akapepesa macho, na katika ule muda mdogo ambao macho yalikuwa yamefumba, hakuona giza. Alijiona mwenyewe kwa nyuma. Aliona utosi wake, mstari wa nywele zake, kola ya blauzi yake imekunjika, na kaka yake upande wa pili ameinama, wote wawili wadogo huko chini, kana kwamba anawaangalia kutoka kwenye kona ya dari.

Alifumbua macho. Akapeleka mkono nyuma ya shingo. Kola ilikuwa imekunjika kweli.

Alidhani ni uchovu, maana kazi ya kukodolea mistari inaweza kumfanya mtu aone mistari hata kwenye uji. Lakini jioni, nyumbani, akiwa anaosha vyombo na mama yao amekaa karibu naye anamsimulia habari za jirani, alipepesa tena na akakiona chumba cha kazi. Kilikuwa kitupu. Aliona viti viwili, kompyuta mbili zimezimwa, kikombe cha Kaka kina mabaki ya chai. Alikuwa kilomita tatu kutoka pale, mikono yake iko kwenye maji ya vuguvugu, na bado kila kope zilipokutana alirudishwa kwenye kona ile, na kila mara alikaa huko muda mrefu zaidi kidogo kabla ya kuachiwa.

"Mbona unakodoa macho hivyo, mwanangu?" mama yao aliuliza.

"Sabuni, mama."

Alilala akiwa hajalala. Ukifumba macho ili ulale na badala ya giza ukaona chumba, unalala vipi? Kulipokucha macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepuliza moto wa kuni mbichi.

Bibi Bahasha alikuja saa nne ya asubuhi hiyo kuwaambia rangi za mapazia, kwa sababu picha haikuwa na rangi. Alipanda ngazi polepole, akaketi, akatoa miwani. Rula hakumpa hata nafasi ya kupumzika.

"Bibi, nani alipiga picha hii?"

Mkono wa bibi ulisimama, miwani ikiwa bado haijafika usoni.

"Swali hilo baba alilikataza," alisema. "Kwa nini unaniuliza?"

"Kwa sababu kamera ya nyumba iko juu ya kabati."

Bibi aliishusha miwani mapajani. Kisha akaanza kusema, sauti yake iko chini kiasi kwamba Kaka ilibidi asogeze kiti.

"Sote tuliokuwemo nyumbani tumo ndani ya picha. Kulikuwa na mvua, milango imefungwa. Baba alipeleka filamu yake ikasafishwe, picha za harusi ya shangazi, na hii ikatoka katikati ya zile za harusi. Mama alisema ni kweli nilikuwa na tabia ya kuiangalia kona ile nikicheka, tangu nina miezi miwili. Basi baba akamwita mtaalamu. Mtaalamu akasema ni jini, na hakuja kwa ubaya, alipenda tu kutuangalia. Lakini anayeangalia sana mwisho hutaka kukaa mezani. Akampigilia pale pale kwa msumari. Akasema hatatoka kwenye nafasi yake mpaka apate wa kumwachia."

"Na nyumba ilipobomolewa?" Kaka aliuliza.

"Hilo ndilo tulilosahau kuuliza. Kona ikienda, aliyepigiliwa kwenye kona anakwenda wapi?" Bibi alimgeukia Rula. Macho yake yenye ukungu yalimtafuta, yakampata. "Mjukuu wangu, umenijengea chumba. Hilo ni jema. Lakini jicho la kuangalia umeliweka wapi?"

"Alipokuwa yeye."

"Kwa karibu kiasi gani?"

"Nusu pikseli."

"Sijui hiyo ni kitu gani, lakini jina lake tu ni dogo kuliko ninavyopenda." Alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. "Unaona nini ukifumba macho?"

Rula alianza kulia. Kaka, ambaye tangu jana alikuwa na mzaha kwa kila kitu, alisimama akabaki amesimama, mikono haijui pa kwenda.

"Mahali pa mmoja hapakai wawili," bibi alisema. "Unavyoingia wewe ndivyo anavyotoka yeye. Kosea, mjukuu wangu. Kosea kwa makusudi. Lishushe jicho mpaka kimo cha binadamu, mistari isikutane, na usilirudishe tena."

"Lakini picha yako itakuwa mbaya, bibi."

"Nimekuja kutafuta chumba cha mama yangu. Sikuja kutafuta hesabu."

Rula alikaa kwenye kompyuta. Alishika mausi. Na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mtu wa kazi nyingine asingelifanya. Kabla hujaharibu kazi iliyo sahihi, weka nakala. Ndivyo alivyojifunza, ndivyo mkono wake ulivyozoea, na hata siku ile, machozi yanamtiririka, mkono ulihifadhi nakala ya ile kamera sahihi kabla yeye mwenyewe hajawaza. Aliona jina la faili likitokea pembeni mwa skrini. Angeweza kulifuta. Alilitazama, akaliacha.

Kisha akaifungua kamera, akaishusha hadi kimo cha mtu. Vigae vikateleza. Meza ikaacha miguu yake nyuma. Juu ya dari kitu kililia, mara moja, kama msumari unaorudishwa mahali pake kwa nyundo. Rula akafumba macho.

Giza. Giza zuri, lililojaa, kama blanketi.

"Naona giza!" alisema, akacheka kwa kilio. Kaka akacheka pia, bibi akamshukuru Mungu, na kwa muda wote watatu walikuwa wanacheka kwa sababu msichana mmoja haoni kitu.

Mambo yangeishia hapo. Siku mbili zilipita. Mapazia yalipata rangi, mkate ulipata kisu chake, na Kaka akaipika picha, maana hivyo ndivyo walivyoita kazi ya kuiacha kompyuta itoe picha kamili. Alipoiangalia alikunja uso, kisha akajaribu kuukunjua.

"Sema tu," Rula alisema.

"Sisemi kitu. Bibi ataipenda."

"Sema."

"Meza inaelea kidogo. Kidogo tu. Hata mimi naona, na mimi naona kwa nadra." Alimpiga begani kwa upole. "Achana nayo, Rula. Usiirekebishe. Naenda kwa fundi chini kumrudishia mkasi wake, nikirudi tunaenda kula."

Alitoka. Mlango wa chuma ulikuwa mzito, ukijifunga wenyewe kwa kishindo. Rula akabaki na picha.

Aliiangalia ile meza. Lilikuwa kosa lake, na jina lake lingekwenda nalo. Bibi angeitundika ukutani. Mtu angekuja, mtoto wa jirani aliyesoma, angesema, nani aliyefanya hii, mbona mistari haikutani? Na nani angemweleza habari za jini? Watu wangesema tu, si unaona. Hakutaka kuirudisha kamera. Alitaka kuilinganisha tu, aone ameipoteza kazi nzuri kiasi gani, mara moja, kisha afute ile nakala kabisa. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na pengine ilikuwa kweli.

Aliifungua nakala.

Vigae vilikaa. Meza ikashika miguu yake. Picha mbili zikafunikana bila mwanya hata wa unywele, na ilikuwa nzuri, ilikuwa sahihi kuliko kitu chochote alichowahi kukifanya maishani mwake, na harufu ya chokaa mbichi ikajaa chumbani.

Msumari ukalia. Safari hii mlio wake haukuwa mfupi. Ulilia polepole, mpaka mwisho, kisha ukadondoka mahali fulani ambapo hakukuwa na sakafu.

Rula alipepesa macho, akajiona kwa nyuma, akasubiri kurudi, lakini hakurudi, ingawa alijua macho yake yako wazi, kwa sababu aliyahisi yakikauka kwa upepo wa feni huko chini ambako mwili wake ulikuwa umekaa wima mbele ya kompyuta na utosi wake na kola yake, na akawaza kwamba bado mkono unamtii, kwamba akiweza kuufikisha mkono kwenye mausi ataishusha kamera kama alivyoishusha siku ile, basi akauamuru mkono wa kulia, akauona ukiinuka kule chini, mdogo kama mkono wa mwanasesere, ukapapasa ukingo wa meza, ukakigusa kikombe, ukarudi, na kwa kuwa alikuwa anajiona kwa juu na kwa nyuma hakujua tena kiasi cha mbali na cha karibu, yeye aliyeweza kupima chumba kizima kwa vigae vinne, akausukuma mkono mbele tena mpaka vidole vikaikalia mausi, na mshale ukaanza kusogea kwenye skrini ile ndogo ya mbali, ukasogea kuelekea kwenye kamera, ukaifikia, akataka kubonyeza, akauambia mkono bonyeza, akaubembeleza, akauomba kwa jina la mama yao, na mkono ukatulia.

Kisha mkono ukasogea wenyewe. Ulisogea bila haraka. Uliupeleka mshale kwenye kile kitufe cha kuikaza kamera, ukakibonyeza.

Mwili ukajinyoosha kwenye kiti. Ulizitazama kucha zake, upande huu na upande ule. Uligusa meza, ukagusa kikombe, ukakinyanyua ukanywa chai iliyopoa, na kwa muda mrefu ukaiweka mdomoni bila kumeza, kama mtu aliyeangalia watu wakila na kunywa maisha yake yote. Halafu ukakirudisha kikombe. Haukukilinganisha na ukingo wa meza.

Rula alijaribu kugeuka, lakini hakukuwa na shingo ya kugeuza. Alijaribu kufumba macho, na hakukuwa na kope. Kulikuwa na chumba tu, kutoka kwenye kona hii, kwa upana huu, kimelala kushoto digrii tatu, na hakikuweza kuonekana kwa namna nyingine yoyote.

Mlango ulifunguliwa. Kaka aliingia.

"Twende, njaa inaniua," alisema. "Mbona uso hivyo? Umelia tena?"

"Hapana," alijibu yule aliyevaa sauti ya dada yake.

Rula alipiga kelele. Alipiga kelele kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akamwita kaka yake kwa jina lake halisi, jina ambalo hakuwa amelitumia tangu utotoni, na vumbi jeupe kidogo likadondoka kutoka kwenye ubao wa dari, likatua begani mwa Kaka. Kaka aliinua uso. Aliiangalia kona. Kwa pumzi mbili nzima aliangalia moja kwa moja ndani ya macho yake.

"Dari hii itatuangukia siku moja," alisema, akajipangusa bega. "Na shingo vipi? Mbona umeipindisha?"

"Imekakamaa tu. Nimekaa sana."

"Pole. Ukitembea itanyooka." Kaka aliisogelea kompyuta, akanyoosha kidole kuizima, na Rula, kule juu, alisubiri giza kama mtu mwenye kiu anavyosubiri maji, maana hata giza lingekuwa njia ya kutoka.

Lakini yule mwingine alikuwa ameshafika mlangoni, mkono kwenye chuma, kichwa kimelala kidogo upande wa kushoto. Aligeuka, akatabasamu, akasema:

"Usiiguse, kaka. Iache ilivyo. Safari hii imekaa sawasawa."